Hati ina jina lake, mkopo una majina yenu wote

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Wewe na mwenzio mmeishi pamoja miaka 9, hati ya nyumba ina jina lake, mkopo wa kujengea mlisaini wote, sasa mmeachana na juzi kakuletea karatasi ya kusema huna dai lolote, ati usaini akupe hela kidogo na funguo umwachie jirani. Pole sana, inauma jamani, nyumba ambayo kuta zake umezipaka rangi kwa mikono yako.

Usisaini. Hata akikubembeleza vipi mwambie unaisoma kwanza na mwanasheria, basi.

Kinachonitisha mimi sio hati hata, ni huo mkopo. Watu wanadhani ukishahama na deni umeliacha mlangoni, benki haijui kama mmeachana, inajua saini mbili tu, na yeye akigoma kulipa kwa kawaida wanaweza kukudai wewe lote, sio nusu. Kwa hiyo nyumba na deni vinagawanywa pamoja. Tafuteni mthamini asiye ndugu wa yeyote, tuseme akikuta thamani ni 100 na deni limebaki 40, cha kugawana ni 60. Akitaka kubaki humo akulipe sehemu yako na benki ikutoe kwenye mkopo kwa maandishi, ahadi ya mdomo hapana. Akishindwa iuzwe, deni litoke kwanza.

Jina la kwenye hati lisikukatishe tamaa, mahakama nyingi zinaangalia pia nani alichangia nini, ila sheria hazifanani na kama hamkufunga ndoa inaweza kuwa ngumu zaidi, ndo maana nakuhimiza mwanasheria. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe daftari unalo: stetimenti za benki, meseji za hela ulizomtumia fundi, risiti. Hizo risiti za mashine zinafifia zenyewe mpaka karatasi inabaki nyeupe, zipige picha leo leo, uzitume kwenye email ambayo yeye hajui nywila yake.

Akaunti yenu ya pamoja usiikombe hata kama una hasira kiasi gani, itakugeukia mbele ya hakimu. Iombe benki isitoe kitu bila saini zenu wote wawili. Halafu angalia kwenye bima na pensheni yako umemwandika nani wa kulipwa ukifariki, hapo wengi wanasahau kabisa.

Funguo kaa nazo mpaka mwanasheria aseme. Lakini kama anakupiga au anakutishia, ondoka hata usiku huu, nyumba utaidai ukiwa salama.