Kabla hujalipia hiyo bunduki ya .338, uliza risasi ya kwanza ilitua wapi

Mkuu, rudisha kadi mfukoni. Umeandika kwamba upo Texas, umesoma habari ya yule mdunguaji wa Ukraine aliyempata mtu kwa mita 3,800, na muuzaji kakuhakikishia kuwa ukiwa na bunduki ya .338 Lapua, aina ya risasi ya masafa marefu, na mafunzo ya siku mbili utagonga shabaha ya chuma iliyo maili moja. Unauliza ustadi ni kiasi gani, bahati kiasi gani, na ununue darubini ipi. Maneno ya huyo muuzaji niliambiwa mimi miaka mitano iliyopita, karibu neno kwa neno.

Mimi nilitajiwa Craig Harrison. Mdunguaji Mwingereza, Novemba 2009, Musa Qala mkoani Helmand, Afghanistan, mita 2,475, wapiga bombomu wawili wa Taliban wakaanguka. "Bunduki yake inakula risasi hii hii," muuzaji akasema, huku amenishikisha boksi. Ni kweli. Alichokiruka ni kwamba Harrison mwenyewe amesimulia walitumia risasi kama tisa kutafuta umbali kwanza. Tisa! Na siku ile upepo ulikuwa umetulia kabisa.

Nikalipa dola 9,000 na ushee. Wikiendi ya kwanza nikaenda ranchi moja, shabaha ya chuma imesimamishwa mita 1,609. Nilifyatua risasi 40. Chuma kililia mara moja tu, risasi ya 31. Hela inauma, lakini kosa kubwa ni nilichoifanyia hiyo moja. Jamaa yangu alikuwa anarekodi. Nikakata video, nikabakiza ule mlio, nikaurusha kwenye magrupu. Pongezi zikamiminika nami nikaziamini. Wiki tatu baadaye nikalipa ada ya mashindano, mafuta, hoteli, nikapewa risasi tano kwa umbali uleule. Zote tano vumbi. Kushoto, kushoto, kushoto tena. Nikasahihisha, ikaenda kulia. Ya tano hata sikuona ilikoangukia. Anayetaka kucheka acheke, bili nimelipa mimi.

Mzee aliyekuwa ananiangalizia risasi zinakotua, mstaafu wa jeshi, akanisogeza kwenye darubini yake. "Tazama mazigazi," yaani ule mtetemo wa hewa ya joto. Karibu yetu joto lilikuwa linapanda wima. Akazungusha kioo mpaka kikaikamata hewa ya bondeni, katikati ya njia ya risasi: inatiririka kama maji ya mfereji, kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi muda wote nilikuwa nasoma kibendera kilichokuwa mita kumi kutoka puani kwangu. Ile ya 31 ilipita wakati bonde limenyamaza. Nilibebwa na upepo, nikajiita fundi.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa umbali wa Harrison risasi inakaa hewani karibu sekunde sita. Upepo wa pembeni wa mita moja kwa sekunde, ambao shavuni unausikia kwa shida, unaisogeza karibu mita tatu. Kifua cha mtu ni nusu mita. Halafu risasi mbili za boksi moja zikipishana kasi kwa mita tano tu kwa sekunde, moja inatua takriban mita nzima chini ya mwenzake. Hilo hulirekebishi kwa kubana pumzi. Bahati inakaa hapo. Na huyo wako wa 3,800, risasi yake ilisafiri sekunde kama tisa. Mlengwa angepiga hatua tatu tu, tusingesikia habari.

Ustadi uko kwingine. Mdunguaji Mkanada Rob Furlong, Machi 2002, bonde la Shah-i-Kot, Afghanistan, mita 2,430: ya kwanza ilikosa, ya pili ikapiga begi mgongoni, ya tatu ikampata mtu. Kuona ya kwanza ilikotua na kurekebisha kabla hali haijageuka, ndiyo kazi yenyewe. Hata Billy Dixon, hapo hapo Texas kwako, kwenye mapigano ya Adobe Walls, 1874, alipomwangusha mtu kutoka kama mita 1,400 alikiri mwenyewe kuwa ilikuwa ya kubahatisha. Na aliishi kwa kuwinda nyati!

Wanaonikera ni wanaouza vitu kwa kutumia majina ya watu hawa huku wamefuta risasi zilizokosa. Nilimrudia muuzaji wangu na zile tano za vumbi. Akanionyesha darubini ya bei mara mbili.

Nenda ranchi ukiwa mikono mitupu. Kaa nyuma ya darubini ya mtu anayefyatua, utamke upepo kabla hajabonyeza, uandike ulichosema na ilikotua. Kisha uliza kila anayejisifu: ya kwanza ilitua wapi? Daftari langu la mwaka jana lina risasi za kwanza 26 za maili moja, kila moja ya asubuhi yake, bunduki ikiwa baridi. Zilizogonga ni saba.