Madiwani wetu waanze na lipi, ghorofa au ardhi ya soko?

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza mahindi na maharage katika soko la mji mdogo huku Nyanda za Juu Kusini. Madiwani tuliowachagua Oktoba 2025 wamepita sokoni wakasema vipaumbele vyao ni soko la ghorofa na stendi mpya nje ya mji. Kuna waliopiga makofi, lakini sisi wa nafaka tuna hofu. Wewe uliyewahi kuwa mtendaji wa kata, ungewashauri waanze na lipi?
Muuza nafaka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ningewaambia waanze na ardhi. Kabla mtu hajachora ghorofa, eneo la soko lipimwe, mawe ya mipaka yawekwe, na hati itoke kwa jina la halmashauri.

Nasema hivyo kwa sababu mji wa soko huliwa pembeni. Katika kata niliyofanyia kazi, soko lilikuwa uwanja mpana. Mtu mmoja akapewa kibali cha kujenga fremu mbili ukingoni. Mwingine akaona, naye akaomba. Kila kibali kilionekana kidogo, na hakuna kikao kilichowahi kukaa kuamua kwamba soko lifungwe. Lakini ikafika siku malori yakakosa pa kugeuzia, yakawa yanapakia barabarani huku askari wakiyafukuza, na wanunuzi wakubwa wakahamia mji wa jirani. Wapagazi, mama lishe, wenye nyumba za kulala wageni, wote waliumia pamoja na wauza nafaka. Jambo lile linaniuma hadi leo.

Mtazame Kibaigwa, wilayani Kongwa. Soko lake la mahindi liko kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na nguvu yake ni kwamba lori linaingia, linapakia, linaondoka. Hakuna atakayepandisha gunia la kilo 100 ghorofani. Ghorofa linawafaa wauza nguo, simu na vipodozi. Kama hao ndio wengi sokoni kwenu, sina ugomvi nalo. Nafaka, viazi na ndizi zinahitaji sakafu ya zege, paa refu, mfereji unaopitisha maji ya masika, choo kinachofanya kazi, na mizani.

Hapo kwenye mizani nikazie. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, imekatazwa, lakini mkulima anaendelea kupunjwa kwa sababu palipo na gunia tu bila mizani, mwenye nguvu ni dalali. Mizani ya soko inayosimamiwa vizuri ni kazi ambayo madiwani wanaweza kuifanya mapema, na mkulima akijua mji wenu unapima haki, mzigo wake ataleta kwenu.

Kuna na moto. Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua usiku, na watu waliokuwa na mali yao yote mle ndani wakaamka hawana kitu. Ramani yoyote watakayowaletea, ulizeni gari la zimamoto litapita wapi na maji litachota wapi.

Kuhusu stendi, siipingi, ila wauza matunda na mama lishe wanaishi kwa abiria wanaoshuka karibu. Mabasi ya mbali yakipelekwa nje, daladala zibaki jirani na soko.

Watawaambia pesa hazitoshi, na wana hoja. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipata nafuu, halmashauri zinazotegemea mazao zikabanwa. Ndiyo maana naona ni makosa kuanza na jengo la mkopo, likaleta kodi ya vizimba ambayo ninyi wa nafaka hamtaimudu. Kupima ardhi na kuchimba mfereji ni gharama ndogo zaidi.

Sasa, msiishie kunung'unika sokoni. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri hupitishwa na baraza miezi kadhaa kabla ya hapo, kwa hiyo atakayesubiri Juni amechelewa. Pelekeni hoja kwenye mkutano wa mtaa au kitongoji, iandikwe kwenye muhtasari, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani wenu mwenyewe, na katibu ni mtendaji wa kata. Baraza likikaa, nendeni wachache mkasikilize. Wananchi wanaruhusiwa kuingia.

Mkikutana na diwani, mwombeni kwanza ramani ya soko yenye mipaka. Akisema haipo, ombeni upimaji wa eneo uingie kwenye bajeti ijayo, na mtendaji aliandike ombi hilo mkiwa bado mmekaa.