Nakula kidogo ili mtoto asiwe mkubwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mimba ya wiki 24. Kabla ya mimba nilikuwa na kilo 46 na urefu wa mita 1.6, jana kliniki mizani ilisoma kilo 49. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 2.3. Mama mkwe ananihimiza nipunguze kula, nisije nikafanyiwa upasuaji. Je, uzito wangu unamhusu mtoto?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Unamhusu sana, tena tangu kabla mimba haijaingia, kwa sababu mwili ulioanza na akiba ndogo hulazimika kugawana na mtoto kile kinacholiwa siku hiyo hiyo. Kilo 46 zikigawanywa kwa mraba wa urefu wako zinatoa takriban 18, ilhali kiwango cha chini kinachofaa ni 18.5. Mama wa uzito huo hushauriwa aongezeke kilo 12.5 hadi 18 mpaka kujifungua, na kufikia wiki hii ungetarajiwa kuwa umeongeza kama 7. Wewe umeongeza 3.

Mama mkwe anakutakia mema, lakini hofu yake haikuhusu. Watoto wa zaidi ya kilo 4 huonekana zaidi kwa akina mama walioanza na uzito mkubwa au wenye kisukari cha mimba; kinachonitia wasiwasi kwako ni mtoto wa pili aliye chini ya kilo 2.5, ambaye hupoteza joto upesi na huchoka kunyonya. Njaa iliyoikumba Uholanzi mwaka 1944 hadi 1945 ilipunguza hasa uzito wa watoto ambao mama zao walikutwa nayo katika miezi mitatu ya mwisho, na miezi hiyo kwako bado iko mbele.

Ongeza mlo mmoja kila siku: uji wa ulezi wenye karanga za kusaga, dagaa, maharage, yai linapopatikana. Chai usiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma. Lala ndani ya chandarua na umeze dawa za SP unazopewa, maana malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na kumpunguza mtoto uzito hata mama asipohisi homa.

Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda wiki hii, mweleze muuguzi kuhusu zile kilo 2.3, na umwombe akupime damu na kimo cha mimba kwa futikamba.