Maswali na Majibu: Kitenzi "adumbrate" na kivuli kilichomo ndani yake

Nasoma shahada ya uzamili. Katika makala moja nimekuta kuwa sura ya kwanza ya kitabu "adumbrates" hoja inayojengwa kikamilifu katika sura ya nne. Kamusi inanipa maana tatu: kueleza kwa juujuu, kuashiria yajayo na kutia kivuli. Nishike ipi?

Shika ya kwanza, huku ukijua kwamba ya pili imejificha humo humo. Kitenzi hiki kinatokana na Kilatini adumbrare, na kiini chake ni umbra, yaani kivuli. Kwa Warumi, kilihusu kuchora kitu kwa kukitia vivuli, umbo likaanza kujitokeza. Vitruvius, msanifu majengo wa karne ya 1 KK, alitumia nomino yake kueleza mchoro unaoonyesha uso wa jengo pamoja na pande zinazorudi nyuma. Kiingereza kilikichukua kitenzi hiki mwishoni mwa karne ya 16. Basi mwandishi wako anasema kwamba katika sura ya kwanza hoja imeshapata umbo, ila haijajazwa. Maana ya tatu ni nadra mno. Usihangaike nayo mpaka muktadha ukulazimishe.

Kwa nini wasiseme tu "outline" au "foreshadow"?

Mara nyingi wangeweza, na kwa maoni yangu wangefanya vyema. Anaye-"outline" hutaja mambo makuu waziwazi, moja baada ya jingine. "Foreshadow" hutazama wakati: jambo la leo linatangulia la kesho. "Adumbrate" hutia mkazo kwenye upungufu wa kile kinachoonekana, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Wanatheolojia wanakihitaji kweli. Waebrania 10:1 huiita torati kivuli cha mema yatakayokuja, wala si sura yenyewe. Kivuli hicho kina umbo la kitu chenyewe, ingawa hakina mwili wake. Mawingu ni dalili ya mvua, lakini mimi singetumia "adumbrate" kwa mawingu, kwa sababu wingu halina umbo la mvua.

Naweza kuandika "as adumbrated in detail above" katika tasnifu yangu?

Hapana. Sehemu mbili za sentensi hiyo zinapingana: ulichokieleza kwa kina hukukigusia. Kosa hili hutokea mtu anapodhani kitenzi hiki ni jina la heshima la "kueleza". Kumbuka pia kwamba ni kitenzi elekezi, kinadai yambwa: nadharia, mpango, hoja, hatari fulani. Na kama msomaji wako atalazimika kufungua kamusi ili apate jambo ambalo neno la kawaida lingemfikishia, tumia la kawaida. Msomaji anayesimama katikati ya hoja hupoteza uzi wake.

Kinatamkwaje?

Kwa masikio ya Kiswahili ni "adambreit", mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza. Wamarekani wengine huuweka kwenye ya pili.

Nikitafsiri kwa Kiswahili niseme nini?

"Kudokeza" au "kugusia" vinatosha katika maandishi mengi. Panapohusu yajayo, "kuashiria". Siwezi kupendekeza neno moja la kufaa kila mahali, na sioni hasara katika hilo. Soma sentensi nzima kwanza, ndipo uchague.

Katika falsafa nakutana na "adumbrations" za Husserl. Ni maana ile ile?

Inakaribiana, lakini hapa imekuwa istilahi kamili. Edmund Husserl aliandika kwa Kijerumani, na neno lake, Abschattung, nalo limejengwa juu ya kivuli. Ndiyo maana wafasiri walichagua "adumbration". Tazama meza iliyo mbele yako. Unaona sehemu ya juu na miguu miwili, pengine mitatu. Ukizunguka, upande mwingine unajitokeza na wa kwanza unapotea. Huioni meza nzima kwa mtazamo mmoja hata siku moja, na bado unachokiona unakijua kuwa ni meza, si kipande cha meza. Kila upande unaokujia hivyo ndio "adumbration". Kwa hiyo "dokezo" halifai hapa, maana meza haikudokezei kitu. Imejitoa kwako yenyewe, kwa upande mmoja. Ningeandika "mwonekano wa upande", kisha nieleze mara moja katika tanbihi.