Chupi Mkononi Mpakani Gatuna

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nasafiri sana, lakini nikisimulia safari zangu hakuna anayecheka. Wewe unafanyaje?" Nikamwahidi makala. Halafu nikakaa siku tatu bila kuandika neno, maana simulizi langu la kwanza la safari liliniaibisha.

Mwaka 2017 nilipanda basi Dar es Salaam, nikavuka Namanga, nikapita Nairobi hadi Kampala. Huko njiani ni usingizi na miguu kuvimba. Usiandike hayo, kila mtu anayajua. Kampala ndipo nilipomwambia kijana mmoja kwamba natafuta teksi. Akanishika mkono kwa upole, akanipeleka Old Taxi Park, kwenye bahari ya vipanya vyeupe vyenye vijiboksi vya buluu ubavuni.

"Nimesema teksi," nikamwambia.

"Ndiyo hizi, ssebo."

Uganda daladala ndiyo teksi. Ile teksi yetu wao huiita spesho. Mimi sikulijua hilo, nikapanda, nikakaa nyuma ya dereva kama bosi, nikatangaza kwa Kiswahili cha kifua: "Dereva, nipeleke Ntinda, nina haraka!" Gari zima likanyamaza. Mama aliyekaa pembeni yangu akavuta mkoba wake, akaukumbatia. Nikajua wamevutiwa na Kiswahili changu fasaha. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba kwa watu wazima wengi wa pale Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi, tangu enzi za Idi Amin, lugha uliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani usiku. Bunge lao lilishakifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini mkoba wa yule mama haukuwa na habari hiyo. Dereva alinijibu bila kugeuka: "Tukijaa tutaenda." Tulijaa baada ya dakika arobaini.

Nikarudi nyumbani nikaandika kwamba Waganda hawajui teksi ni nini, na Kiswahili kimewashinda. Nilicheka mwenyewe nikiandika. Dada mmoja wa Kampala akanitumia ujumbe: "Umekaa kwetu siku mbili, umeyaona makosa yetu yote. Lako hukuliona hata moja?" Iliniuma. Mpaka leo inaniuma, hasa kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Basi nikaandika upya, safari hii mjinga nikiwa mimi. Nikaongeza na kisa nilichokuwa nimekificha, cha mpakani Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, nami nilikuwa na rambo limejaa nguo chafu za siku nne. Askari alilikagua, akalimwaga mezani, akachukua rambo, akaniachia nguo. Begi lilikuwa limeshatangulia kwenye basi. Niliingia nchi ya watu na chupi mkononi, nikatazama kulia kabla ya kuvuka barabara kama tulivyofundishwa shuleni, nikasahau kwamba Rwanda magari hupita mkono wa kulia. Lori likanipigia honi. Soksi moja ilibaki barabarani, sijui kama iliwahi kupata viza.

Sasa nyie vijana mnaotaka kuchekesha, nisikilizeni. Bebeni daftari. Simu huzima, daftari halizimi. Andika maneno ya watu kama walivyoyasema, siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kuyapamba. Na kabla hujamcheka mwenyeji, jiulize yeye alikuwa anaona nini alipokutazama wewe. Msafiri anayejiona mwerevu kila mpaka anaovuka anachosha, na wako wengi siku hizi, wanapiga picha za chakula cha watu huku wamekunja pua. Acheni. Na daftari, narudia, bebeni daftari.

Lile simulizi la pili lilizunguka kwenye WhatsApp kuliko chochote nilichowahi kuandika. Jina langu walilikata, jambo ambalo sijalisamehe. Mwezi uliofuata lilinifikia na mimi, kutoka kwa shangazi yangu wa Morogoro, na juu yake ameandika: "Mwanangu, soma huyu mjinga alivyohangaika. Wewe ukisafiri usije ukawa kama yeye."

Nikamjibu, "Asante, shangazi."