Kabla ya kununua shokapu za pikapu kuukuu, ingia uvunguni

Pikapu ikianza kukaa chini kwa nyuma, wa kwanza kulaumiwa ni shokapu. Inaonewa. Mzigo unabebwa na springi, na shokapu ya kawaida haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kupanda na kushuka baada ya gurudumu kupiga shimo. Ndani yake pistoni inailazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo vya valvu, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye barabara mbovu ukaigusa, utaikuta ya moto. Basi kama springi za nyuma zimelala, au jani moja (kibapa kimoja cha chuma cha springi) limekatika, funga shokapu za bei yoyote unayotaka, gari halitanyanyuka. Zile za gesi husukuma juu kidogo, ila ni kidogo mno.

Kwa hiyo mimi huanzia uvunguni, pesa zikiwa bado mfukoni. Natazama majani ya springi, bushi zake (raba za kwenye maungio), na pale shokapu inaposhikwa kwenye chesisi, kwa sababu kwenye gari la miaka mingi kutu huwa imeshakula hapo. Kelele nyingi za “shokapu zimekufa” hutoka kwenye bushi. Shokapu yenyewe ikiwa na jasho jepesi la oili karibu na sili ya juu, hiyo si habari. Ikiwa imelowa na oili inachuruzika hadi chini, hiyo imekwisha. Pitisha pia kiganja juu ya tairi: ukihisi mabonde yanayofuatana, gurudumu limekuwa likirukaruka badala ya kukanyaga barabara. Ule mtindo wa kukandamiza bodi kwa mikono na kuhesabu linavyodunda siuamini sana kwa pikapu, maana springi za nyuma ni ngumu kiasi kwamba hata shokapu mbovu inaweza kufaulu mtihani huo.

Ukishajiridhisha kwamba ni shokapu kweli, utakutana na aina mbili. Ya kwanza ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Ni nafuu, ni laini, na jiwe likibonyeza mrija wa nje pistoni inaendelea na kazi kwa sababu inatembea kwenye ule wa ndani. Udhaifu wake ni joto: kwenye barabara ya vumbi yenye vituta vidogo visivyokwisha, oili huchanganyika na hewa, inatoa povu, na shokapu inalegea ukiwa katikati ya safari. Gesi ya naitrojeni ya mgandamizo mdogo hupunguza povu hilo. Ya pili ina mrija mmoja, na gesi ya mgandamizo mkubwa imetengwa na oili kwa pistoni nyingine inayoelea. Hii hupoa haraka na hailegei kirahisi, lakini mrija wake ukibonyea pistoni inaweza kukwama, na bei yake ni nyingine. Kwa pikapu ya kazi za kila siku, mirija miwili yenye gesi inatosha. Hiyo nyingine ningemwachia anayeshinda kwenye njia mbovu, kwa mwendo wa kasi na mzigo mgongoni.

Mzigo ndio unaoamua ugumu, na hapa watu wengi hudanganywa na neno “hevi duti”. Chagua kwa uzito unaobeba siku nyingi, usichague kwa ule wa mara moja kwa mwaka. Shokapu ngumu kwenye pikapu tupu hufanya nyuma iruke kila tuta, na kwenye kona yenye changarawe mkia unataka kukutangulia.

Urefu nao usikisiwe, hasa kama gari liliwahi kunyanyuliwa au kubadilishwa springi. Pima kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kipimo hicho kiangukie sehemu za katikati za mwendo wa shokapu mpya. Raba ya kuzuia ekseli lazima iguse kabla shokapu haijafika mwisho wake wa kubana, vinginevyo shokapu ndiyo inayogeuka nyundo.

Nunua mbili za ekseli moja kwa pamoja. Zilizochomolewa kwenye gari jingine sizitaki hata za bure.

Wakati wa kufunga, simama karibu na fundi. Asikamate fimbo inayong'aa kwa koleo, maana mkwaruzo mmoja utaikata sili. Ya mirija miwili aivute na kuikandamiza mara kadhaa ikiwa wima ili hewa itoke. Bolti zinazopita kwenye bushi zikazwe kabisa gari likiwa limeshuka kwenye jeki; zikikazwa magurudumu yananing'inia, raba hukaa imejipinda na kuchanika mapema. Kama mbele springi imeizunguka shokapu, kazi hiyo ni ya mwenye kifaa cha kubania springi, kwani ikifyatuka inaua, na baadaye magurudumu yapangwe upya. Nyuma, ukikuta shokapu moja iko mbele ya ekseli na mwenzake yuko nyuma yake, usikubali fundi “azisawazishe”. Kiwanda kiliziweka hivyo makusudi, ili ekseli isijipinde na kurukaruka unapokanyaga mafuta, na huenda hata namba za kulia na kushoto hazifanani.