Agnes Chase na elimu ya nyasi
Ndugu, umeuliza kama mtu asiyepita chuo kikuu anaweza kuwa mtaalamu wa mimea. Ninakujibu kwa mfano wa Agnes Chase wa Marekani, aliyezaliwa Illinois mwaka 1869 na ambaye elimu yake rasmi iliishia shule ya msingi. Alifiwa na mumewe mapema, akajitafutia riziki mjini Chicago kwa kusahihisha prufu (nakala za majaribio kabla ya kuchapishwa), na baadaye hata kwa kukagua nyama, huku akijifunza mimea katika muda wake wa ziada.

Mwaka 1903 Wizara ya Kilimo ilimwajiri mjini Washington kama mchoraji, na naona kazi hiyo ndiyo iliyomfanya bingwa: nyasi nyingi hufanana kwa majani, kwa hiyo anayetaka kuzitofautisha hana budi kukifumua kishuke kidogo, yaani kifungu cha maua madogo ya nyasi, chini ya hadubini, ganda baada ya ganda, na mchoraji hawezi kuruka hata moja. Alinyimwa nafasi ya kwenda Panama kukusanya mimea kwa sababu tu alikuwa mwanamke. Miaka ya 1920 akaenda Brazil na kurudi na maelfu ya sampuli za mimea. Katikati ya hayo alifungwa jela kwa kudai haki ya wanawake kupiga kura, jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipitia harakaharaka.

Alistaafu mwaka 1939, lakini aliendelea kufanya kazi Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti mjini Washington, bila mshahara hadi alipofariki mwaka 1963.